Mchezaji wa zamani, skauti au mtu wa studio: umsikilize nani usiku wa drafti ya NFL?

Aprili 1994, New York. Indianapolis Colts wamefikia zamu ya tano kwenye drafti ya NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, siku timu zinapogawana vijana wa vyuoni. Kwotabeki Trent Dilfer, yaani mrusha pasi anayeongoza mashambulizi, bado yupo mezani, lakini wao wanamchukua Trev Alberts, beki wa safu ya pili kutoka chuo cha Nebraska. Kwenye studio ya televisheni ya ESPN mchambuzi Mel Kiper Jr. anachemka hewani bila kificho: timu isiyo na kwotabeki wa maana inampitaje kwotabeki? Haukupita muda, Bill Tobin, bosi aliyekuwa akichagua wachezaji pale Colts, akahojiwa na kituo hichohicho. Naye hakuremba. Aliuliza huyu Mel Kiper ni nani hasa. Hajawahi kuwa mchezaji, wala kocha, wala skauti. Akamweka kapu moja na jirani yake, ambaye kazi yake ni kusambaza barua za posta.

Swali hilo tunalijua. Ndilo linaloulizwa vijiweni kila mchambuzi wa redio anapomponda mshambuliaji: "Kwani yeye kacheza wapi?" Lakini matokeo ya mchana ule hayakumpa ushindi Tobin wala Kiper. Alberts aliandamwa na majeraha, akastaafu baada ya misimu 3 na mechi 29. Dilfer alichukuliwa na Tampa Bay kwenye zamu iliyofuata, hakung'ara sana huko, halafu Januari 2001 akabeba Super Bowl, fainali ya ligi, na Baltimore Ravens, kazi kubwa ikiwa imefanywa na ulinzi wa timu ile. Colts nao walibaki na Jim Harbaugh, ambaye Kiper alimdharau, na msimu wa 1995 wakafika mechi moja tu kabla ya Super Bowl.

Cha kuchekesha ni kilichofuata. Alberts na Dilfer wote wawili waliishia kuwa wachambuzi wa ESPN, kwa Kiper. Kwenye drafti hiyohiyo Buffalo Bills walimchukua mpokea pasi mmoja wa North Carolina kwenye nafasi ya 48, Bucky Brooks, ambaye leo ni mmoja wa wachambuzi wa drafti wanaosikilizwa sana. Na yupo kijana wa Northern Iowa ambaye simu yake haikulia kabisa, Kurt Warner. Baadaye alipanga bidhaa kwenye rafu za duka la Hy-Vee usiku, kisha akawa mchezaji bora wa ligi mara 2, akaingia Jumba la Umaarufu, la magwiji wa mchezo huu, mwaka 2017, na sasa anachambua makwotabeki kwenye NFL Network. Mwaka mmoja ulitupa aina zote za wachambuzi. Nitautumia kama mizani.

Kwa anayeanza: drafti hii si ule mchezo wa vizibo vya soda kwenye kibao. Ni mgao wa vijana wanaotoka vyuoni. Timu 32, raundi 7, na aliyefanya vibaya msimu uliopita huchagua mapema, isipokuwa kama ameuza zamu yake. Kila mwaka wanaitwa vijana zaidi ya 250. Kwa miezi mitatu kabla ya hapo Wamarekani hawazungumzi kingine, na kwetu Afrika Mashariki raundi ya kwanza huanza saa 9 usiku wa kuamkia Ijumaa. Ukiamua kukesha, si vibaya kujua sauti ipi inastahili usingizi wako.

Asiyewahi kuvaa helmeti

Kiper yupo kwenye matangazo ya drafti ya ESPN tangu 1984. Alianza akiwa kijana, akichapa mwenyewe mwongozo wa makinda na kuuza. Nguvu yake ni upana. Mtaje beki wa chuo kidogo ambaye hata jimbo lake hulijui, atakupa urefu, uzito, mbio na mechi aliyoharibu. Mchezaji wa zamani hana kichwa cha namna hiyo, kwa sababu alipokuwa na miaka 22 alikuwa anajenga mabega yake, hakuwa anakariri majina ya wenzake 400.

Nguvu ya pili haisemwi sana: hana rafiki wa chumba cha kubadilishia nguo. Hakucheza na kocha wa chuo fulani, hana deni kwa yeyote. Akimponda kijana, amemponda kwa alichokiona.

Udhaifu wake ni kupenda. Akimpenda mtu, kapenda. Mwaka 2010 alisema kwotabeki Jimmy Clausen asipofanikiwa kwenye ligi, yeye Kiper ataacha kazi hii. Clausen akachukuliwa na Carolina Panthers kwenye nafasi ya 48, akashinda mechi 1 kati ya 10 alizoanza msimu wa kwanza, na mwaka uliofuata Panthers wakachukua kwotabeki mwingine, Cam Newton, kwenye nafasi ya kwanza kabisa. Kiper bado yupo kazini. Mwaka 2025 alimweka Shedeur Sanders juu ya makwotabeki wote, timu zikampita raundi baada ya raundi hadi nafasi ya 144, na Kiper akawa anafoka hewani siku mbili mfululizo kana kwamba kaporwa.

Ila kabla hujamcheka, kumbuka 2018. Josh Allen wa Wyoming alikuwa anafikisha asilimia 56 tu ya pasi zake chuoni, na watu wa takwimu walikuwa wanamkimbia. Kiper alimweka namba moja kati ya makwotabeki wa mwaka ule. Allen alichukuliwa wa 7 na Buffalo, na ndiye mchezaji bora wa msimu wa 2024. Mtu asiyewahi kurusha pasi ya kulipwa aliuona mkono ule kuliko wengi waliowahi kurusha.

Aliyetoka uwanjani moja kwa moja

Hapa ndipo wengi wanapoelekea bila kufikiri, kwa sababu sura ni maarufu na pete ya ubingwa inang'aa kidoleni. Mimi nasema: mcheza kwao hutuzwa. Mtu aliyecheza kwotabeki msikilize kwa makwotabeki. Aliyecheza mstari wa mbele msikilize kwa mstari wa mbele. Akianza kuzungumzia nafasi nyingine, amekuwa mtazamaji kama wewe, ila mwenye suti nzuri.

Chukua Warner. Wachambuzi hutumia picha za kamera ya juu zinazoonyesha wachezaji wote 22 kwa wakati mmoja, kwa sababu kamera ya televisheni inafuata mpira na kuficha yale yaliyoamuliwa kabla mpira haujaondoka. Warner akiisimamisha picha hiyo, haangalii pasi ilikofika. Anaangalia jicho la kijana lilikuwa kwa beki gani, mguu wa nyuma ulikanyaga lini, na kama mpira uliondoka wakati mguu unatua au nusu sekunde baadaye. Chuoni nusu sekunde hiyo inasameheka, kwa kuwa mpokeaji ameachwa peke yake mita 5. Kwenye NFL nusu sekunde hiyo ni mpira ulioibwa. Pasi iliyofika salama Jumamosi, siku ya mechi za vyuo, anaweza kuiita mbovu, na pasi iliyodondoka akaiita nzuri. Hakuna namba inayokuonyesha hilo, na mtu ambaye hajasimama pale huku jitu la kilo 130 linamjia hawezi kukueleza kwa nini mguu ulichelewa.

Mstari wa mbele ni zaidi. Wale watano wanaomkinga kwotabeki hawana takwimu za kueleweka: hawafungi, hawakimbii na mpira, wakitajwa kwenye matangazo ujue wamefanya kosa. Ukitaka kujua kama kinda wa nafasi hiyo ana kitu, huna budi kumtafuta aliyepigana pale. Brian Baldinger alichezea Dallas, Indianapolis na Philadelphia bila kuwahi kuchaguliwa kwenye drafti, na uchambuzi wake wa video fupi umejaa mikono, nyonga na vidole vya miguu. Joe Thomas alikuwemo uwanjani kila mpira wa mashambulizi ulipoanzishwa, mara 10,363 mfululizo, pale Cleveland bila kutoka nje hata mara moja. Mtu huyo akikwambia kijana anakanyaga vibaya, hoja ya nani kasoma takwimu inaishia hapo.

Steve Smith Sr. kwa wapokea pasi, hivyohivyo. Alichaguliwa raundi ya 3 mwaka 2001, nafasi ya 74, akiwa na urefu wa futi 5 na inchi 9 kwenye kazi ya warefu. Hapo pia pana mtego. Aliyepitwa kwa sababu ya kimo huenda akamwonea huruma kila mfupi mwenye hasira. Mchezaji wa zamani anapenda kujiona kwenye kijana, na kijana si yeye.

Mtego mwingine ni simu. Wachezaji wa zamani wana namba za watu: makocha, mawakala, mabosi wa timu. Machi 2021 Dan Orlovsky, kwotabeki wa zamani aliyehamia ESPN mwaka 2018, alisema kwenye kipindi cha Pat McAfee aliyoyasikia kuhusu bidii ya Justin Fields wa Ohio State, kwamba huchelewa kufika na huwahi kuondoka. Zogo lilikuwa kubwa, akalazimika kurudi kufafanua kuwa alikuwa anapeleka maneno ya watu wengine, si maoni yake. Fields alichukuliwa wa 11 na Chicago. Mwezi wa tatu na wa nne timu hueneza uvumi kwa makusudi ili mtu wanayemtaka ashuke hadi kwao, na mwenye simu nyingi ndiye mlango wa kupitishia. Orlovsky akikaa kwenye video ni mwalimu mzuri sana. Akianza na "nasikia", punguza sauti.

(Huyu Orlovsky ndiye aliyetoka nje ya mstari wa nyuma huku amebeba mpira, dhidi ya Minnesota mwaka 2008, bila kujua kuwa ametoka. Detroit Lions walipoteza 12 kwa 10, yaani kwa pointi 2, na hizo 2 ndizo alizowapa. Yeye mwenyewe huicheka habari hiyo hadharani, na kwa mchambuzi naiona kama alama ya ziada.)

Mchezaji aliyepitia uskauti

Bucky Brooks hakuwa nyota. Alizunguka timu kadhaa kwa misimu michache, akaacha, kisha akaenda kujifunza kazi upya kama skauti wa Seattle Seahawks na Carolina Panthers. Louis Riddick naye alichaguliwa raundi ya 9 mwaka 1991, enzi ambazo raundi zilikuwa nyingi, akacheza beki wa nyuma Atlanta, Cleveland na kwa Raiders, halafu akawa skauti Washington na baadaye mkurugenzi wa wachezaji wa kulipwa Philadelphia kabla ya kuingia ESPN mwaka 2013. Daniel Jeremiah, anayefanya kipindi cha sauti cha Move the Sticks pamoja na Brooks, alikuwa kwotabeki wa Appalachian State tu, hakufika NFL kama mchezaji, ila alikuwa skauti wa Ravens, Browns na Eagles.

Tofauti yao na kundi lililopita inatoka kwenye kazi yenyewe. Skauti wa eneo hukaa barabarani tangu Agosti, chuo hadi chuo, hoteli ya bei nafuu hadi nyingine. Hatazami mechi tu. Anamuuliza anayegawa jezi kama kijana anasema asante. Anamuuliza kocha wa mazoezi ya viungo nani hufika kwanza. Kisha anaandika ripoti yenye jina lake chini, anaweka daraja, na mnamo Februari anaingia kwenye chumba chenye watu 15 ambako mwingine aliyemwona kijana yuleyule anampinga usoni. Baada ya miaka 3 ripoti inafunguliwa tena. Imeandikwa pale: ulisema nini, kijana kawa nini.

Mchezaji wa zamani hajawahi kufunguliwa ripoti hiyo. Kiper amefunguliwa na mashabiki tu, na mashabiki hawawezi kumfukuza kazi. Brooks, Riddick na Jeremiah wamekosea huku wanalipwa mshahara wa kutokukosea, na unawasikia kwenye namna wanavyosema: mara nyingi watakuambia kijana huyu anafaa mfumo gani, timu ipi isimguse, na kitu gani kikitokea watakuwa wamekosea. Wanapima wachezaji wa nafasi zote, siyo ile waliyoicheza tu. Brooks alikuwa mpokea pasi, lakini ukimsikia akipanga mabeki hutajua.

Mapungufu wanayo. Hawana moto. Ukitaka mtu apige meza, si hawa. Wana marafiki kwenye ofisi za timu, hivyo ukali wao kwa mabosi una mipaka. Pia hakuna kati yao, wala mchambuzi yeyote wa televisheni, anayeona faili la daktari. Kule Indianapolis, kwenye vipimo vya Februari na Machi, televisheni inaonyesha mbio za yadi 40, lakini kitu ambacho timu zimekifuata hasa ni goti na bega ndani ya chumba cha matibabu. Kijana akishuka ghafla siku ya drafti bila sababu, mara nyingi sababu ipo kwenye faili hilo.

Wala ofisi haimfanyi mtu asikosee. Bill Polian, aliyemchagua Peyton Manning mwaka 1998 na aliyemo Jumba la Umaarufu kama mjenzi wa timu, alisema mwaka 2018, akiwa mchambuzi wa ESPN, kwamba Lamar Jackson afadhali awe mpokea pasi. Jackson alichukuliwa wa mwisho kwenye raundi ya kwanza, nafasi ya 32, akabaki kwotabeki, na msimu wa 2019 akawa mchezaji bora kwa kura zote 50. Polian alikiri kosa. Wengine wengi waliosema hivyohivyo walinyamaza tu.

Waliokabidhiwa funguo

Ugomvi wa nani anajua ungebaki wa kijiweni kama timu zisingekuwa zimeujaribu. Angalau mara tatu mchezaji wa zamani alitolewa moja kwa moja kwenye kiti cha utangazaji akapewa timu achague mwenyewe. Hapa ndipo pa kukaa.

Matt Millen. Beki wa safu ya pili mwenye pete 4 za Super Bowl kwa timu tatu tofauti, sauti kubwa ya Fox. Mwaka 2001 Detroit Lions walimfanya rais na mtendaji mkuu, bila siku moja ya kazi ya ofisini nyuma yake. Alichukua wapokea pasi kwenye raundi ya kwanza miaka mitatu mfululizo: Charles Rogers wa 2 mwaka 2003, Roy Williams wa 7 mwaka 2004, Mike Williams wa 10 mwaka 2005. Aliyefuata baada ya Rogers, wa 3, alikuwa Andre Johnson. Aliyefuata baada ya Mike Williams, wa 11, alikuwa DeMarcus Ware. Wote wawili wamo Jumba la Umaarufu leo. Na Ware alikuwa beki wa safu ya pili, nafasi ya Millen mwenyewe! Tuseme na haki yake: mwaka 2007 alimchukua Calvin Johnson, naye yupo Jumba la Umaarufu. Lakini hesabu ya Millen ilifungwa Septemba 2008 kwa mechi 31 za ushindi na 84 za kufungwa, na timu aliyoiacha ikamaliza msimu ule na 0 kwa 16. Ndiyo Lions ile ya Orlovsky.

Wanaosema "mpeni aliyecheza" wajibu kwanza kuhusu Millen. Na kumbuka nilichosema juu ya mcheza kwao: hapa hata kwao alimpita mtu. Kucheza nafasi kunakupa jicho la kuona kosa kwenye video, lakini hakukupi uamuzi wa kuacha unachokitamani ukachukua kinachohitajika.

Mike Mayock ndiye kesi ngumu zaidi, kwa sababu alikuwa mchambuzi bora wa drafti wa wakati wake. Beki wa nyuma wa Boston College, raundi ya 10 mwaka 1981, misimu miwili New York Giants, kisha miaka mingi ya kusoma video. Tangu 2005 alikuwa sauti ya drafti ya NFL Network, na mashabiki walimwamini kuliko mameneja wa timu zao. Siku ya mwisho ya 2018 Raiders wakampa umeneja mkuu. Ndani ya miaka mitatu alikuwa na wachezaji 6 wa raundi ya kwanza. Clelin Ferrell, wa 4 mwaka 2019, hakufikia hata karibu ya nafasi ile. Henry Ruggs na Damon Arnette, wa 2020, wote waliachwa na timu Novemba 2021 kwa mambo yaliyotokea nje ya uwanja. Alex Leatherwood wa 2021 aliachwa baada ya mwaka mmoja. Aliyeng'ara ni Josh Jacobs, aliyeongoza ligi kwa yadi za kukimbia mwaka 2022, baada ya Mayock kuondoka.

Lakini angalia huku chini. Mwaka uleule wa Ferrell, Mayock alimchukua Maxx Crosby raundi ya 4, nafasi ya 106, na Hunter Renfrow raundi ya 5. Crosby amekuwa mmoja wa wawinda makwotabeki wanaoogopwa zaidi kwenye ligi, nafasi ileile ya Ferrell. Jicho la video lilikuwepo. Raundi ya 4 ni ya jicho. Raundi ya kwanza ina shinikizo, ina kocha juu yako (Jon Gruden ndiye aliyekuwa na nguvu pale), ina tabia za watu ambazo video haizionyeshi. Mayock aliyekaa studio hakuwahi kulipia hayo. Alifukuzwa Januari 2022.

John Lynch sasa. Beki wa nyuma wa Tampa Bay na Denver, mchambuzi wa Fox, aliyepewa San Francisco 49ers Januari 2017 naye bila uzoefu wa ofisi. Drafti yake ya kwanza: Solomon Thomas wa 3, aliyeshindwa kuwa nyota. Reuben Foster wa 31, aliyeachwa na timu kabla ya msimu wake wa pili kuisha. George Kittle, raundi ya 5, wa 146, mmoja wa bora wa kizazi chake. Mwaka 2021 akatoa zamu tatu za raundi ya kwanza ili ampate Trey Lance kwenye nafasi ya 3. Lance alianza mechi 4 tu, akauzwa Dallas kwa zamu moja ya raundi ya 4. Ungedhani hadithi imeisha kama ya Millen. Mwaka 2022, kwenye nafasi ya 262, ya mwisho kabisa, Lynch akamwita Brock Purdy, na Purdy akaipeleka timu Super Bowl ya Februari 2024.

Tofauti ya Lynch na Millen siioni kwenye jicho. Naiona kwa aliowaleta. Lynch alianza kwa kumchukua Adam Peters, skauti mzoefu kutoka Denver, akamweka kuongoza idara ya wachezaji, na Peters leo ni meneja mkuu wa Washington. Mchezaji wa zamani aliyekubali kwamba hajui uskauti akaazima waliojua. Na bado raundi ya kwanza ilimpiga makofi kama ilivyompiga Mayock.

Kwa hiyo, umfuate nani?

Inategemea unataka nini. Kama timu yako inahitaji kwotabeki na unataka kujua huyu anayesemwa ana nini hasa, tafuta Warner au Orlovsky wakiwa na video, usiwasome kwenye orodha. Kwa mstari wa mbele, Baldinger au mwingine yeyote aliyetoka na vidole vilivyopinda. Tafadhali usiwaulize hao wakupangie wachezaji 100.

Kwa kupanga, mimi namchagua Jeremiah, Brooks akiwa wa pili kwa karibu. Orodha ya Jeremiah ya makinda 50 bora ndiyo ninayoiweka pembeni. Hapa kuna kosa ambalo wasomaji wengi hulifanya: orodha ya ubora na drafti ya kutabiri ni vitu viwili. Ya kwanza inasema mchambuzi anamwonaje kijana. Ya pili inabashiri timu zitafanya nini, hata kama anaona ni upuuzi. Mtu anaweza kumweka kijana wa 3 kwa ubora na wa 40 kwa utabiri, na akawa sahihi kote. Ukimhukumu kwa utabiri umemhukumu kwa kazi ya mpiga ramli.

Kwa burudani ya saa 9 usiku, bila kujiuliza mara mbili, Kiper. Kukesha bila mtu wa kubishana naye kwenye skrini ni adhabu. Riddick akiwa meza moja naye ni bora zaidi, kwa sababu huyu amekaa kwenye chumba cha drafti na hasiti kumwambia.

Na kama unayemfuatilia ni Mwafrika, wote hawa watakupungukia. Daniel Adongo, Mkenya wa kwanza kucheza NFL, alitoka raga akaenda moja kwa moja Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kupitia drafti, hivyo hakuwa kwenye orodha ya mchambuzi yeyote. Kwa vijana wa namna yake wa kumsikiliza ni Osi Umenyiora, aliyechaguliwa wa 56 mwaka 2003, akabeba Super Bowl 2 na Giants, akawa mchambuzi wa BBC, na sasa anaongoza kazi ya NFL ya kusaka vipaji Afrika, kambi ya kwanza Ghana mwaka 2022 na Kenya mwaka uliofuata. Huyu hatazami video, kwa sababu video hakuna. Anatazama kijana wa mpira wa kikapu wa mita 2 akigeuka nyonga.

Jambo moja la ratiba, kwa sababu wengi wetu hukesha usiku usiostahili. Raundi ya kwanza ni saa 9 usiku wa kuamkia Ijumaa, na ya 2 na ya 3 ni saa 8 usiku wa kuamkia Jumamosi. Raundi ya 4 hadi ya 7 huanza Jumamosi saa 1 jioni kwetu, chakula kikiwa jikoni. Ndizo raundi za Crosby, Kittle na Purdy. Majina yanapita haraka, Kiper ameshapoa, wachezaji maarufu wa studio wengi wameshakwenda nyumbani, na wanaobaki kukueleza huyu wa nafasi ya 188 ni nani ni wale waliowahi kuendesha gari hadi chuoni kwake.